Alpha, Kappa, Omega, Sigma au Iota? Wajue waasisi kabla ya kuvaa rangi

Ukiingia Alpha huwezi tena kuingia Omega. Ukiingia Kappa, hata ukihama jimbo, ukibadili kazi na kufikisha miaka sabini, utazikwa ukiwa Kappa. Fraterniti za Wamarekani Weusi, yaani vyama vya udugu vya wanafunzi wa vyuo vikuu, haziishii siku ya mahafali. Mtu hujiunga na moja tu, na ni ya maisha. Kwa hiyo hunishangaza kuona kijana aliyetoka Moshi au Kisumu, au aliyezaliwa Minneapolis kwa wazazi wa Kitanzania, akichagua kwa kutazama video za vijana wanaocheza stepu na rangi za makoti yao.

Hapa nazilinganisha zile tano za wanaume, na kipimo changu ni waasisi wake. Walikuwa akina nani, walibanwa na nini, na walipomaliza chuo walifanya nini? Za wanawake ziko nne, na zinastahili makala yake. Zote tisa zimo katika baraza moja ambalo mizizi yake iko Howard, chuo kikuu cha Weusi kilichoko Washington, mwaka 1930, na watu huziita Divine Nine.

Alpha Phi Alpha: Cornell, 1906

Chuo Kikuu cha Cornell kiko Ithaca, mji mdogo wa baridi kali katika jimbo la New York. Katika mwaka wa masomo wa 1904–1905 palikuwa na wanafunzi sita Weusi, na mwaka uliofuata hakurudi hata mmoja. Waliokuja baada yao wakaanza kukutana na kusoma pamoja ili yasiwakute yaleyale. Baadhi yao walijisomesha kwa vibarua katika nyumba za fraterniti za Wazungu, ambako wao wenyewe wasingekubaliwa uanachama, na huko waliona jinsi watu walioshikana wanavyobebana.

Palikuwa na mvutano. C. C. Poindexter, aliyekuwa akiongoza mikutano ile, alitaka kibaki kikundi cha fasihi. Wengine walitaka fraterniti kamili, na tarehe 4 Desemba 1906 wakaianzisha. Poindexter hayumo kati ya waasisi saba ambao wanachama huwaita Vito. Eugene Kinckle Jones yumo, lakini hadhi yake ya uasisi ilikuja kuthibitishwa mwaka 1952, miaka 46 baada ya tukio. Ukisoma orodha ya waasisi ya chama chochote, kumbuka kwamba iliandikwa na waliobaki.

Baada ya chuo, hao saba walielekea kwenye taaluma ambazo mtu Mweusi hakutarajiwa kuonekana. George Biddle Kelley alikuwa mhandisi wa kwanza Mweusi kusajiliwa katika jimbo la New York. Vertner Tandy alikuwa msanifu majengo wa kwanza Mweusi kusajiliwa katika jimbo hilohilo, na kazi yake unaweza kwenda kuitazama leo: kanisa la St. Philip's pale Harlem, alilolichora pamoja na George Washington Foster, na Villa Lewaro, jumba la kifahari la Madam C. J. Walker, tajiri wa dawa za nywele, lililoko Irvington kando ya mto Hudson. Henry Callis akawa daktari na mwalimu wa udaktari Howard. Robert Ogle, aliyependekeza rangi nyeusi na dhahabu, alifanya kazi katika kamati ya matumizi ya fedha ya Seneti. Chapman alifundisha kilimo huko Florida, na Murray alikuwa mwalimu Washington.

Lakini ukiniuliza nani kati yao aligusa watu wengi zaidi, nitamtaja Jones. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliongoza National Urban League, shirika la kuwasaidia Weusi mijini, wakati mamia ya maelfu ya Weusi walipokuwa wakihama mashamba ya Kusini kwenda Chicago, Detroit na New York wakitafuta kazi na pa kulala. Katika kipindi hicho aliingia pia serikalini enzi za Roosevelt kama mshauri katika Wizara ya Biashara.

Roho ya Alpha ndiyo hiyo mpaka leo: kuingia kwenye taasisi kubwa na kuzisukuma kutoka ndani. Thurgood Marshall alikuwa Alpha, na Wakenya wana sababu yao ya kumkumbuka. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwalika London kwenye mkutano wa Lancaster House, naye Marshall akaandaa rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba ya Kenya huru. Alikuwa bado hajawa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Hata mnara wa Martin Luther King Jr. uliofunguliwa Washington mwaka 2011 ulianza kama wazo la wana-Alpha. Walilipigania wazo hilo kwa miaka mingi, wakalifikisha Bungeni, kisha wakasaidia kuchangisha fedha zilizofika takriban dola milioni 120.

Kasoro yake? Katika matawi mengine utakuta majivuno ya kizazi cha tatu cha madaktari na mawakili. Kama baba yako ni dereva wa lori, kaa nao kwanza uone kama unajisikia mgeni.

Kappa Alpha Psi: Indiana, 1911

Elder Watson Diggs na Byron Armstrong walisoma Howard kwa mwaka mmoja, 1909–1910, kisha wakahamia Indiana University, Bloomington. Walitoka kwenye chuo cha watu wao wakaingia mahali ambapo mwanafunzi Mweusi angeweza kumaliza wiki bila kumwona Mweusi mwenzake kwenye viwanja vya chuo. Mabweni hayakuwa yao, na sehemu za starehe walifungiwa. Michezo nayo ilikuwa shida, isipokuwa riadha.

Wakiwa kumi, walianzisha chama chao tarehe 5 Januari 1911 kwa jina la Kappa Alpha Nu. Jina hilo liliwapa wabaguzi nafasi ya kulipotosha liwe tusi la rangi. Inasimuliwa kwamba Diggs alilisikia kwa masikio yake mashindanoni, mmoja wa wanachama alipokuwa akiruka viunzi. Mwaka 1915 jina likabadilishwa kuwa Kappa Alpha Psi.

Diggs aliongoza chama kwa miaka sita ya mwanzo, na ndiye Mweusi wa kwanza kuhitimu shule ya ualimu ya Indiana. Alikuwa mwalimu mkuu Indianapolis, akaacha kazi kwenda mafunzo ya uofisa wa jeshi Fort Des Moines katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akarudi shuleni. Shule aliyoiongoza ilikuja kupewa jina lake. Wenzake ni pamoja na Ezra Alexander aliyekuwa daktari, Guy Grant aliyekuwa daktari wa meno, na Edward Irvin aliyekuwa mwandishi wa habari na ndiye mwasisi wa mwisho kufariki, mwaka 1982. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye jina lake linajulikana mtaani. Nadhani hilo ndilo linalowapa uzito, kwa kuwa walikuwa watu wa miji ya kati, wanaojulikana na wagonjwa na wanafunzi wao. Mradi wao mkongwe, Guide Right, ulioanza mwaka 1922, unawaelekeza wavulana wa sekondari katika kuchagua kazi, na huo ni ualimu wa Diggs umeendelea kwa njia nyingine.

Kappa ya sasa inajulikana kwa unadhifu, fimbo na suti. Wapo wanaojiunga kwa ajili ya hayo tu. Lakini kijana anayesoma Iowa au Nebraska, akiwa Mweusi peke yake kwenye darasa la watu mia mbili, hatapata waasisi wanaomfanana zaidi ya hawa.

Wawili wa Howard: Omega na Sigma

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mtamu, maana vyama hivi viwili vilizaliwa chuo kimoja, Washington, katika muda usiozidi miaka mitatu, na bado vikaenda njia tofauti.

Omega Psi Phi ilianza tarehe 17 Novemba 1911, ofisini kwa mwalimu wa biolojia, Ernest Everett Just. Wanafunzi walikuwa watatu: Edgar Love, Oscar Cooper na Frank Coleman. Alpha ilikuwa tayari na tawi Howard tangu 1907, ila Omega ndiyo fraterniti ya kwanza ya kitaifa kuzaliwa ndani ya chuo cha Weusi. Uongozi wa Howard haukupenda. Vijana wakabandika matangazo chuoni kote, na mkuu wa chuo akasema hadharani kwamba hakuna fraterniti ya namna hiyo. Chuo kilipolegea kikataka chama kibaki cha pale Howard tu, nao wakakataa. Mwaka 1914 kikasajiliwa, na tawi la pili likafunguliwa Lincoln University, Pennsylvania.

Msingi wao ni urafiki, na kaulimbiu yao inasema urafiki ni wa lazima kwa roho. Ni chama cha watu wachache wanaojuana sana. Love alikwenda vitani Ufaransa kama kasisi wa jeshi, akafika kuwa askofu wa Methodist. Cooper alitibu wagonjwa Philadelphia maisha yake yote. Coleman alirudi kufundisha fizikia Howard, akaongoza idara hiyo, na akamwoa Edna Brown, mmoja wa waasisi wa Delta Sigma Theta, chama cha wanawake.

Just ndiye anayenivuta zaidi katika habari hii nzima. Alizaliwa Charleston mwaka 1883, akahitimu Dartmouth kwa alama za juu, akapokea medali ya kwanza kabisa ya Spingarn kutoka NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, mwaka 1915, na mwaka uliofuata akapata udaktari wa falsafa Chicago. Kiangazi baada ya kiangazi alikuwa Woods Hole, Massachusetts, akichunguza mayai ya viumbe wa baharini na kinachotokea kwenye ngozi ya seli yai linapotungishwa. Aliheshimika kwa sayansi yake, lakini vyuo vikubwa vya utafiti vya Wazungu havikumpa kazi. Kuanzia 1929 akawa anakwenda Ulaya: Naples, Berlin, Ufaransa. Huko alipata maabara na heshima. Mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia Ufaransa walimshikilia kwa muda, akaachiwa, akarudi Marekani akiwa mgonjwa, akafa mwaka 1941. Mwanafunzi wa sayansi anayejiunga na Omega anajiunga na nyumba iliyoanzia mlangoni kwa mtu huyo. Charles Drew, daktari aliyefungua njia ya benki za damu, alikuwa Omega, na alishiriki hata kutunga wimbo wao.

Kuna urithi mwingine wa Omega ambao watu hawajui unatoka wapi. Mwanahistoria Carter G. Woodson, naye Omega, aliwahimiza ndugu zake waisome na kuieneza historia ya Weusi. Mwaka 1924 chama kikawa na wiki yake ya mafanikio ya Weusi. Mwaka 1926 Woodson akaanzisha wiki ya kitaifa, na hiyo ndiyo iliyokua ikawa mwezi mzima wa Februari.

Sasa Sigma. Langston Taylor alitoka Memphis, Tennessee, na wazo la fraterniti alilipata kabla hata hajafika Howard. Alimshirikisha Leonard Morse, kisha akaongezwa Charles Brown, na tarehe 9 Januari 1914 wakaanzisha Phi Beta Sigma katika chumba cha YMCA ya Mtaa wa 12. Walikuta Alpha na Omega ziko hapo tayari. Basi kwa nini ya tatu? Taylor hakupenda fraterniti zilizomchagua mtu kwa ukoo, kipato, weupe wa ngozi au aina ya nywele. Alitaka chama kinachosema "sisi" kwa maana ya watu wote wa jamii, na kinachomtazama mtu kwa uwezo wake. Ukumbuke ni Washington ya 1914, ambako hata miongoni mwa Weusi palikuwa na madaraja makali ya rangi na nasaba. Kusema hivyo wakati ule kulikuwa ni kuwakosoa wakubwa wa mji.

Waliyafanyia kazi maneno yao. Mwaka 1920 wana-Sigma walisaidia kuanzishwa kwa Zeta Phi Beta, na vyama hivi viwili ni kaka na dada kwa katiba. Miaka ya 1920 wakaanza kampeni ya kuinua biashara za Weusi. Philip Randolph, aliyepigania wafanyakazi wa treni, alikuwa Sigma. John Lewis, mwanaharakati wa haki za Weusi aliyekuja kuwa mbunge, pia. Na kwa msomaji wa Kiafrika kuna jambo kubwa zaidi: Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, na Kwame Nkrumah wa Ghana walikuwa Sigma, wote waliosoma Lincoln. Mlango ule wa Taylor ulimpokea hata mgeni kutoka ng'ambo.

Maisha ya waasisi wenyewe hayana kumbukumbu nono. Morse alikuwa mwalimu, na alihudumu Edward Waters College huko Jacksonville, Florida. Taylor alikitumikia chama mpaka alipofariki 1953. Brown alipotea, na kwa miongo mingi ndugu zake hawakujua alikoishia. Ukitaka mwasisi wa kutundika picha ukutani, Omega ina Just na Sigma haina mtu wa kulingana naye. Ukitaka wazo, la Taylor linaishinda kaulimbiu ya urafiki, kwa maoni yangu. Urafiki unamfaa aliyeko ndani. Wazo la Taylor linamhusu hata yule aliyebaki nje.

Sifa za mtaani nazo zipo. Wana-Omega ni wakali, hubweka kama mbwa wakikutana, na baadhi hujichoma alama ya herufi yao kwenye ngozi, jambo ambalo si sharti la chama. Wana-Sigma ni wapole, na matawi mengine yamepoa mno hadi unajiuliza kama yapo.

Iota Phi Theta: Morgan State, 1963

Hii watu huiruka, nami sitaiongelea kwa urefu, ila kwa kundi fulani ndiyo jibu. Ilianzishwa na wanaume kumi na wawili katika chuo cha Morgan State, Baltimore, kwenye ngazi za ukumbi wa michezo wa Hurt, tarehe 19 Septemba 1963. Zilikuwa zimepita siku nne tangu kanisa lilipuliwe kwa bomu Birmingham na wasichana wanne wakafa, na wiki tatu tangu maandamano makubwa ya Washington. Wengi wao walikuwa wakubwa kuliko wanafunzi wenzao. Wapo waliokuwa wametoka jeshini, wapo waliokuwa na kazi za kutwa, na wapo waliokuwa na mke na watoto wakiwasubiri nyumbani. Baraza la Divine Nine liliwapokea miaka ya 1990 tu. Mtandao wao ni mdogo, na vyuo vingi havina tawi lao. Lakini kijana wa miaka 27 anayebeba mizigo ghalani usiku na kusoma mchana ataeleweka hapo bila maelezo mengi.

Usidanganywe na majina

Kila chama kitakuonyesha orodha yake ya mashujaa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 chuo kimoja kidogo, Lincoln, kilikuwa na Thurgood Marshall wa Alpha, mshairi Langston Hughes wa Omega na Azikiwe wa Sigma. Kwenye maandamano ya 1963, Randolph wa Sigma aliyaongoza, Bayard Rustin wa Omega aliyapanga, na King wa Alpha akatoa hotuba. King mwenyewe alijiunga akiwa anasomea shahada ya juu Boston. Wengine kwenye orodha hizo walipewa uanachama wa heshima wakiwa tayari ni maarufu. Chama hakikuwatengeneza.

Swali jingine ninaloulizwa na wazazi: je, ni Freemason? Hapana. Zina siri za ibada za kuingizwa, ishara za mikono na maneno ya kutambuana, na katika miaka ya karibuni wapo wanachama waliojitoa hadharani kwa sababu za imani. Wapo pia maaskofu na wachungaji wasiohesabika ndani yake, kuanzia Love mwenyewe. Mzazi na kijana wazungumze, kisha wamuulize mwanachama anayesali kanisani au msikitini kwao.

La hatari zaidi ni mateso ya kuingizwa. Aliyekuwa njuka bwenini Tanzania, au mono Kenya, ana picha, ila huku watu wamekufa. Mwaka 1990 vyama hivi viliachana rasmi na ule utaratibu wa zamani wa kumsulubisha mgombea kwa wiki nyingi, na sasa kuna maombi, usaili na mafunzo mafupi. Yaliyobaki yanafanyika gizani na ni kosa kwa sheria za majimbo mengi na za vyama vyenyewe.

Mimi ningechagua hivi

Aliyetoka Afrika Mashariki moja kwa moja, asiye na mjomba wala binamu aliyewahi kuwa mwanachama, aanze na Sigma. Anayelenga sheria, siasa au uhandisi, na ambaye haogopi kukaa na watoto wa wakubwa, aende Alpha. Mwanasayansi anayetaka marafiki wanne wa kufa na kuzikana, Omega, ila achunguze tawi lake vizuri kuliko wote. Aliye peke yake kwenye chuo cha Wazungu, Kappa. Mwenye familia na kazi, Iota.

Haya yote yanapinduka ukifika chuoni, kwa sababu utajiunga na tawi la watu kumi na watano na si na wazee wa 1911. Kabla ya kuomba, nenda kwenye shughuli zao za kujitolea mara kadhaa, zile zisizo na muziki. Uliza ada ni kiasi gani kwa jumla, wastani wa alama za wanachama ni upi, na nani kati yao alihitimu mwaka jana. Uliza pia kuhusu mwasisi mmoja, yeyote, alifanya nini baada ya chuo. Wakikuita mahali usiku na kukwambia usimwambie mtu, usiende. Kama umeshamaliza shahada ya kwanza, hujachelewa: yapo matawi ya wahitimu, na mengi ya hayo ndiyo yanayofanya kazi ambayo waasisi waliianzisha.